MANENO YA WAVUJA JASHO YASIFE PAMOJA NA WAZEE

Kijana aliyezaliwa baada ya mwaka 2000, akimsikia mzee wa Kimamba akisema kwamba alitumika korona tangu ujana wake hadi mvi zilipomjaa kichwani, hana budi kushtuka. Kwa kijana huyo, korona ni jina la maradhi yaliyoitikisa dunia mwaka 2020. Kwa mzee, korona ni mtambo. Ni ule mtambo mkubwa wa kukwangua majani ya mkonge ili zitoke singa, ambao wafanyakazi wa mashambani waliuita kwa jina la aina ya mashine zilizoletwa kutoka Ulaya. Na kwa kuwa mtambo huo ndio uliokuwa moyo wa shamba, kiwanda kizima nacho kikaitwa korona. Neno ni moja, watu ni wa ukoo mmoja, lakini hawaelewani.

Katika hali kama hiyo, kijana ana njia mbili. Ya kwanza ni kucheka, kumwona mzee kuwa amechanganyikiwa, na kwenda zake. Ya pili ni kuketi na kuuliza: "Korona ipi hiyo, babu?" Akiifuata njia hii ya pili, hatapewa neno moja tu. Atapewa singa, atapewa ngwe, atapewa kipande, atapewa mnyapara na manamba. Na kila neno litakuja na kisa chake. Jioni akikutana na wenzake, atakuwa na zawadi ya kuwapa ambayo haikununuliwa dukani wala haipungui kwa kugawanywa. Jambo hili linaonekana dogo. Kwa hakika ni jambo kubwa, na taifa lililochagua kuijenga lugha yake lenyewe halina budi kulitazama kwa makini.

Kimamba ni mji mdogo katika Wilaya ya Kilosa, Mkoa wa Morogoro. Uko kando ya Reli ya Kati, ile iliyoanza kujengwa kutoka Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Kigoma mwaka 1914. Maisha yake, kwa muda mrefu, yaliendeshwa na reli hiyo na mkonge. Mkonge wenyewe ni mgeni nchini. Uliletwa mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, na inajulikana kwamba katika miche 1,000 iliyotolewa Florida, Marekani, ni miche 62 tu iliyosalimika na kupandwa. Kutokana na miche hiyo michache, Tanganyika ilikuja kuwa nchi ya kwanza duniani kwa mkonge, na katikati ya miaka ya 1960 ilitoa zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka.

Tani hizo hazikujileta zenyewe bandarini. Zilitokana na jasho la watu. Wenyeji wa Kilosa, yaani Wasagara, Wakaguru na Wavidunda, hawakutosha kwa kazi hiyo, na wengi wao hawakuitaka. Kwa hiyo wenye mashamba nchini kote waliwatafuta watu mbali: Wabena na Wangoni kutoka kusini, Waha na Wanyamwezi kutoka magharibi, Wamakonde kutoka ng'ambo ya Ruvuma, na wengineo. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda ofisi maalumu ya kuwaandikisha na kuwasafirisha watu hao, na wananchi wakaibatiza jina la Silabu. Watu walipakiwa kwenye malori na mabehewa, wakashushwa mashambani, wakapangwa kambini.

Kambi hizo zilikuwa mahali pa dhiki. Lakini zilikuwa pia mahali pa ajabu kwa upande wa lugha. Mtu wa Njombe alilala ukuta mmoja na mtu wa Kasulu, na hawakuwa na njia ya kuombana moto ila kwa Kiswahili. Na kila mmoja alipokosa neno la Kiswahili, alitia la kwao. Jina la mboga, jina la mdudu, jina la aina ya mvua, jina la mtu mvivu, yote hayo yalitolewa mfukoni mwa lugha za nyumbani na kuwekwa hadharani. Aliyelisikia kwa mara ya kwanza alicheka, akauliza, akalirudia, na kesho yake akalitumia mwenyewe. Hapakuwa na profesa wala kamati. Palikuwa na chungu jikoni, watu wamekizunguka, na udadisi.

Maneno yaliyotoka katika maisha hayo ni historia iliyofupishwa. Neno manamba, kwa mfano, limetokana na neno la Kiingereza lenye maana ya nambari. Mtu aliyekuwa na jina, baba na ukoo aliandikwa nambari, na nambari ikawa ndiyo yeye. Mtu akitaka kumweleza mtoto ukoloni ulikuwa nini, anaweza kuanza na neno hilo moja na asihitaji kitabu kwa saa nzima. Neno kipande nalo lilikuwa kadi ya kuhesabia siku za kazi. Mfanyakazi alipaswa kuzikamilisha siku 30 za kazi ndipo alipwe, na siku aliyoshindwa kuimaliza kazi aliyopimiwa haikuhesabiwa. Neno kibarua ni la zamani zaidi. Asili yake ni barua ndogo, yaani kile kikaratasi alichopewa mtu wa kazi za kutwa ili kimshuhudie. Kikaratasi kilipotea, jina likamganda mtu. Leo kijana anasema anakwenda kibaruani bila kujua kwamba anataja karatasi.

Hapana shaka kwamba wako watakaouliza: maneno haya ya kambini yana faida gani kwa taifa lenye Baraza la Kiswahili na kamusi nene? Jibu ni kwamba kamusi zenyewe zimeshibishwa kwa njia hiyo hiyo. Makao ya Rais yanaitwa Ikulu, na neno hilo lilikuwa jina la makao ya mtemi kwa Wanyamwezi na Wasukuma. Sehemu za Chuo Kikuu huitwa vitivo, na kitivo ni neno la milima ya Pare na Usambara, lenye maana ya bonde lenye rutuba. Mbuzi mzima anayebanikwa na kuletwa mbele ya wageni kwenye arusi huitwa ndafu hata na watu wasiowahi kufika Uchagani. Na Mwalimu Nyerere alipoacha urais mwaka 1985, hakusema kwamba anajiuzulu wala kwamba anastaafu. Alilitoa neno la kwao, la Kizanaki, akasema anang'atuka. Nchi nzima ililipokea, kwa sababu lilisema jambo ambalo maneno mengine hayakulisema sawasawa: mtu kuondoka kwa hiari ili wengine wapate nafasi.

Mwalimu huyo huyo aliupa mchezo wa Shakespeare alioutafsiri na kuuchapisha mwaka 1969 jina la Mabepari wa Venisi. Bepari ni neno lililoletwa na wafanyabiashara wa Kihindi, na maana yake ilikuwa mfanyabiashara tu. Lilitoka dukani, likaingia katika tamthilia, likaingia katika siasa, na leo halihitaji mfasiri. Hivyo ndivyo lugha inavyokua. Neno huzaliwa mahali penye kazi, hupokezanwa na watu wanaoaminiana, na mwisho hufika mezani kwa wataalamu likiwa tayari lina miguu yake.

Jambo la kusikitisha ni kwamba njia hii imewekewa vizuizi viwili, na vyote viwili vimo katika fikra za watu.

Kizuizi cha kwanza ni kasumba ya kuyadharau maneno yasiyotoka pwani au yasiyotoka vitabuni. Asili yake inajulikana. Mwaka 1928, katika mkutano wa Mombasa, lahaja ya Unguja ilichaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1930 iliundwa kamati ya lugha ya nchi za Afrika Mashariki kuisimamia kazi hiyo. Uamuzi huo ulikuwa na manufaa yake, kwani shule, magazeti na mahakama haviwezi kuendeshwa bila maafikiano ya lugha. Lakini kutokana nao ikazaliwa tabia mbaya. Mtoto akiandika neno alilolisikia kwa bibi yake, mwalimu hulikata kwa wino mwekundu na kuandika pembeni, "Si Kiswahili." Hakuuliza lina maana gani. Hakuuliza kama Kiswahili sanifu kina neno jingine la kulibadili. Alilikata tu. Mtoto naye hujifunza kwamba nyumbani kwao hakuna la kujifunza.

Kizuizi cha pili ni cha watu wanaoyapenda maneno mageni, lakini kwa nia mbaya. Mtu wa namna hii hupekua kamusi usiku ili mchana awashinde wenzake. Akilipata neno adimu hulifanya fimbo. Hulitaja mbele ya watu, huwatazama usoni aone nani hakulielewa, kisha hutabasamu. Akiulizwa maana yake, hujibu, "Kasome." Huyo hakuitajirisha lugha. Amefanya kama yule anayeficha sukari ili bei ipande. Tofauti yake ni kwamba sukari iliyofichwa huweza kukamatwa ikauzwa kwa umma, na neno lililofichwa hufa pamoja na mwenyewe.

Mila za Kiswahili zina mafunzo bora kuliko hayo. Mtu atoapo kitendawili, wenzake humwitikia, "Tega!" Wanaposhindwa, hawatukanwi. Mtegaji husema, "Nipeni mji," nao humpa. Wakimpa Kimamba, basi atasimulia alivyokwenda Kimamba akakaribishwa na watu wake, na baada ya hapo ni wajibu wake kulitoa jibu. Hana ruhusa ya kuondoka nalo. Aliyekuwa hajui amepewa, na aliyejua ametukuzwa kwa kutoa. Hiyo ndiyo adabu inayofaa kwa neno geni: litege, wenzako walitafute, mcheke pamoja, kisha ulitoe.

Ushahidi kwamba neno geni likigawanywa huenea haraka umeonekana miaka ya karibuni. Neno barakoa lilikuwamo katika kamusi kwa miongo mingi, nalo lilikuwa jina la kifuniko cha uso cha wanawake wa pwani. Watu wa bara wengi hawakuwa wamelisikia. Mwaka 2020 maradhi yalipokuja, neno hilo likaamshwa usingizini, na baada ya miezi michache tu mama lishe, kondakta na daktari wote walikuwa wakilitumia. Neno kishikwambi nalo watu walilicheka liliposikika mara ya kwanza. Sensa ya Agosti 2022 ilipofanywa, makarani wakaingia kila kitongoji na vishikwambi mikononi, na kicheko kikaisha. Maneno hayo mawili hayakuenea kwa amri. Yalienea kwa sababu kila aliyelipata alimpa jirani yake, na kwa sababu palikuwa na kitu halisi cha kukiita kwa jina.

Lakini maneno ya mashambani hayana bahati hiyo, kwa maana vitu vyake vinatoweka. Bei ya mkonge katika soko la dunia ilianguka kwa sababu ya nyuzi za plastiki, na kufikia mwaka 1990 nchi nzima ilitoa chini ya tani 40,000. Mitambo ilinyamaza. Korona ikiota majani, neno korona hubaki limekaa katika vichwa vya wazee tu. Na wazee hao hawaongezeki. Kila mwaka yapo mazishi, na katika kila mazishi kuna maneno yanayofukiwa ambayo hakuna mtu aliyeyaandika.

Wako pia wanaohofu kwamba maneno ya makabila yakifunguliwa mlango, umoja wa taifa utapasuka na ukabila utaingia. Hofu hiyo ina heshima yake, kwa sababu Tanzania ina lugha zaidi ya 120, na Kiswahili ndicho kilichoziunganisha jamii zake. Lakini hofu hiyo imekosea mahali pa kuangukia. Mto Mkondoa hupita Kilosa na kuyapeleka maji yake Wami, na Wami huyapeleka baharini. Hakuna anayesema kwamba Mkondoa unaugawa mto Wami. Unaujaza. Neno la Kisagara au la Kibena likiingia katika Kiswahili, halimfanyi Mswahili kuwa Msagara wala Mbena. Linamfanya Msagara na Mbena waione lugha ya taifa kuwa yao pia, si nguo ya kuazima. Ukabila hulelewa na watu wanaofichana maneno. Watu wanaofundishana hawana nafasi nao.

Hata hivyo, si kila neno litakaloletwa litafaa kuingia katika kamusi, na si lazima. Kiswahili sanifu lazima kiwe na mlinzi. Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1967, limefanya kazi hiyo kwa miaka mingi. Kuanzia mwaka 1974 lilitoa vijitabu vya Tafsiri Sanifu, na mwaka 2015 likatoa Kamusi Kuu ya Kiswahili. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa Kamusi ya Kiswahili Sanifu mwaka 1981, na mwaka 2009 Mradi wa Lugha za Tanzania wa Chuo hicho ukachapisha Atlasi ya Lugha za Tanzania. Kazi hizo ni za kujivunia. Lakini mtaalamu aliyeko Dar es Salaam hawezi kukaa katika kila baraza la Kimamba. Anahitaji wachunguzi, na wachunguzi walioko tayari ni wananchi wenyewe.

Nchi hii imekwisha kulifanya jambo gumu kuliko hilo. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Wakulima walikaa chini ya miembe, aliyejua kusoma akimfundisha asiyejua, kwa ubao mmoja na chaki chache. Idadi ya watu wazima wasiojua kusoma na kuandika ilishuka kutoka asilimia 67 mwaka 1967 hadi asilimia 39 mwaka 1975. Walimu wengi wa kampeni hiyo hawakuwa wasomi. Walikuwa majirani. Kama jirani aliweza kumpa jirani alfabeti nzima, hawezi kushindwa kumpa neno moja kwa siku.

Kazi yenyewe haihitaji fedha za kigeni. Shule ya mahali kama Kimamba inahitaji daftari moja na mwalimu mmoja anayependa kusikiliza. Mwanafunzi apewe zoezi la kurudi nyumbani na kuuliza neno moja asilolijua. Aliandike kama lilivyotamkwa. Aandike maana yake, aandike limetumika katika sentensi gani, aandike aliyelitaja alitoka sehemu gani na alifanya kazi gani. Asubuhi alisome mbele ya wenzake. Wenzake waulize. Neno likionekana kwamba limo tayari katika kamusi, hakuna hasara, kwani darasa zima limelijua. Likionekana halimo, lipelekwe kwa Baraza au Chuo Kikuu. Hali kadhalika vijana wa vijiweni, madereva wa bodaboda, mafundi wa reli na akina mama wa sokoni wanaweza kulifanya jambo hilo bila daftari, kwa kuwa na desturi ya kuuliza, "Neno hilo umelipata wapi, ndugu?" na kulipokea jibu kwa heshima.

Mwalimu aliyezoea kukata kwa wino mwekundu naye abadili desturi yake kidogo. Badala ya kuandika "Si Kiswahili", aandike "Lina maana gani?" Maneno matatu hayo yatamgharimu wino ule ule. Lakini yatamwambia mtoto kwamba bibi yake ni hazina, na kwamba lugha ya taifa bado inajengwa, na yeye ni miongoni mwa wajenzi.

Hivi leo Serikali imeuweka mkonge miongoni mwa mazao ya kimkakati, na vijana wanahimizwa kuurudia. Watakaourudia wataukuta mmea ule ule, miiba ile ile na singa zile zile. Itakuwa aibu ikiwa watalazimika kuvipa vitu hivyo majina ya kuazima kutoka katika vitabu vya maelekezo vya wageni, hali babu zao walikwisha kuvipa majina kwa jasho lao wenyewe. Majina hayo bado yako hai Kimamba, yamekaa vibarazani jioni, yanamngoja mtu wa kuuliza. Basi aulizwe mzee leo, wala isingojwe kesho. Na atakayelipata neno asilale nalo.